Betri za Kuanika na Wimbo wa Padri Eme

Kaeni, kaeni. Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba kwa wote. Fausta, wewe ni mjukuu wangu na ndiye mwalimu wa kwaya hii, lakini leo nakuomba uitie simu yako mfukoni. Simu hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani Malangali na mguu wangu unaouma, nikapanda bodaboda ya kijana ambaye hakuacha shimo hata moja njiani.

Nimesikia yaliyotokea Jumamosi. Fausta alitaka kupiga kinanda kwenye ule wimbo wa Kilatini, ule ambao parokia hii imeuimba tangu kabla wazazi wenu hawajaoana. Kila akipiga, waimbaji wanaachana na kinanda. Akaona aibu, akautafuta kwenye simu, akaupata. Wafaransa watupu, kwaya kubwa na kinanda cha mabomba. Mkasikiliza, mkagundua kwamba wale wanaanza na kumaliza kwa sauti ileile na mwendo uleule. Sisi tunaanza vizuri, tukifika katikati tunashuka, mwendo unapungua, na tukifika "Amina" besi wanaitafuta sauti chini ya viatu. Mkacheka. Mmoja wenu, simtaji, akasema, "Kumbe Bibi Yustina ametuingiza chaka miaka yote hii!"

Na Bibi Yustina, aliyeufundisha wimbo huo parokiani kwa mara ya kwanza, alikuwa palepale, benchi la nyuma. Aliokota fimbo yake akaenda zake, na Jumapili hakuonekana kanisani.

Sijaja kuwagombeza. Sawa, nitawagombeza kidogo, ila baadaye. Kwanza nawapa haki yenu: kosa mlilolisikia ni kosa kweli, masikio yenu ni mazima. Lakini mwenye kosa siye Bibi Yustina. Ni mimi. Hakuna anayelijua hili hapa ndani, na ili mlielewe inabidi niwaeleze kazi niliyoifanya, maana ndimo kosa lilimozaliwa.

Mimi nilikuwa fundi redio. Wewe mwenye kofia, usicheke. Siku hizi redio ikifa mnaitupa. Wakati ule, miaka ya vijiji vya ujamaa, redio ilikuwa na mwenyewe, na kitambaa chake cha kufunikia kilichodariziwa, na fundi wake aliyepokewa kwa kiti. Nilijifunzia Sumbawanga mjini kwa Mzee Nasoro. Mbele alikuwa na duka la vitambaa na sukari, sukari ikiwapo, na chumba cha nyuma kilikuwa cha redio. Mzee Nasoro alikuwa Mwislamu wa swala tano na mimi Mkatoliki wa Kwaresima. Alikuwa akinitania, "Kosmasi, wewe unafunga nyama tu, mimi nafunga mpaka mate. Nani mwanamume hapa?" Nilimpenda mzee yule. Alinifokea kila siku kwa miaka sita, na nikifikiria sasa naona hakukosea hata mara moja.

Kanuni yake ya kwanza: sikio kwanza, bisibisi baadaye. Kuna mkulima alipanda kutoka Muze, bonde la ziwa, na redio kichwani. Ilikuwa inaongea kwa kukwama. Mzee alikuwa msikitini. Mimi kwa ujuzi wangu wa miezi minne nikaifungua yote, nikazitoa betri zake, nikachomoa nyaya, nikazipanga mezani. Mzee akarudi, akaniangalia, akamwuliza mwenye redio, "Ilikuwa inasemaje?" Yule bwana akaigiza kwa mdomo. Mzee akaigeuza spika, akaingiza kidole, akatoa nyumba ya nyigu. Udongo mkavu, na nyigu mwenyewe ndani. "Ilikuwa inaongea na udongo mdomoni," akasema. "Wewe umeipasua tumbo." Nilikaa siku tatu kuirudishia, na yule bwana wa Muze alikaa siku zote hizo, amejikunyata kwa baridi yetu, akinitazama.

Kanuni ya pili ndiyo iliyoniumiza. Alisema, sikiliza mpaka mwisho. Mgonjwa akimwona daktari homa hushuka, na redio nayo ni hivyohivyo, ukiigusa tu inajifanya nzima. Kwa hiyo ukimaliza kuitengeneza, iache iimbe. Mwenye redio akinywa chai mbili na bado inaimba, hapo mpe aende nayo. Ndugu zangu, kanuni hii niliifuata miaka yangu yote ya kazi isipokuwa siku moja.

Sasa niwaambie habari ya betri, maana ninyi mmezaliwa na soketi ukutani. Umeme haukuwa umefika kwetu. Kila kitu kilikula betri, na betri zilikuwa haba kuliko chumvi. Zikija dukani zinagawiwa, na anayepata mbili anazificha kwenye debe la ulezi. Kwa hiyo zikichoka hatukuzitupa. Tulizitoa tukazianika juani, juu ya bati au juu ya jiwe, kutwa nzima. Jioni ukizirudisha redio inanguruma kama mpya! Unafurahi, unaita majirani. Baada ya dakika chache sauti inaanza kulegea, halafu inakata. Hilo kila mtoto wa Ufipa alilijua. Nami fundi mzima nililijua kuliko wote.

Katika miaka hiyo paroko wa hapa alikuwa Padri Eme, Mfaransa, mrefu, mwenye ndevu zilizogeuka kijivu hapahapa. Alimbatiza Bibi Yustina. Watu walipohamishwa kutoka kijiji cha zamani kule ukingoni mwa bonde kuja kwenye kijiji hiki cha ujamaa, kanisa lake la matofali lilibaki kule peke yake. Padri akapakia kalisi na vitabu kwenye baiskeli akaja na watu wake, akawa anasoma misa chini ya paa la nyasi, hapa tulipokaa sasa. Alikuwa na gramafoni moja na santuri moja. Mpira wa gramafoni, ule unaozungusha santuri, ulikatika, na mpira mwingine haukupatikana miaka miwili. Yustina, wakati huo msichana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa akifagia nyumba ya mapadri. Alimwona kila Jumapili mchana anaitoa ile santuri, anaipangusa kwa kitambaa pande zote, anaitazama, anairudisha kwenye jalada. Santuri isiyoweza kuimba!

Halafu Padri akaugua. Ikaja barua kwamba arudi kwao, na kila mtu alielewa kuwa harudi tena. Katika wiki hizohizo Mzee Nasoro akapata mpira kwa ndugu yake mwenye lori la Mbeya. Padri akaleta gramafoni dukani, na santuri ikiwa ndani.

Siku ya pili yake Yustina akaingia dukani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametembea tangu alfajiri.

"Kaka Kosmasi, santuri ya Padri iko kwako?"

"Iko."

"Tunataka wimbo mmoja. Sisi hatuna cha kumpa yule mzee. Shamba ni la kijiji, kuku wameisha kwenye kuhama. Tumpe wimbo wake, aondoke nao kutoka midomoni mwetu."

Nikamwambia sawa, nitauhamisha kwenye kaseti kwa rekoda ya duka, waende wakajifunze kimyakimya, Padri asijue. Tatizo likawa betri. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mkali lakini naye alikuwa amebatizwa na Padri huyohuyo, akazitoa betri za redio ya kijiji, zile za kusikilizia masomo ya watu wazima. Akanitumia ujumbe: "Zikirudi zimekufa, fundi, na wewe jiandae kufa."

Betri hizo zilitosha mashine moja, na mimi nilikuwa na mashine mbili. Nikazitia kwenye rekoda, nikijiambia kwamba rekoda ndiyo inayofanya kazi kubwa. Gramafoni nikaitilia betri zangu za kuanika. Zilikuwa zimepata jua la siku mbili, zina moto. Nikafunga dirisha, nikaweka sindano juu ya santuri, nikabonyeza rekoda, nikatoka nje kusimama mlangoni kuzuia kelele. Maana mashine ya kusaga ilikuwa nyumba ya tatu, na kina mama wa foleni wanacheka, na kuna jogoo mmoja wa Mzee Nasoro aliyekuwa adui yangu binafsi. Wimbo ukaimba ndani, mimi nje namfukuza jogoo.

Ulipokwisha nikarudisha kaseti nyuma, nikasikiliza mwanzo. Safi kabisa! Kinanda kama radi ya mbali, sauti za wanawake juu yake. Wazo likanijia la kuacha uendelee mpaka mwisho. Kisha nikamkumbuka mwenyekiti na betri zake. Nikazima. Nikampa Yustina kaseti pamoja na rekoda, nikamwambia, "Kila kitu sawa, dada."

Mnaona? Nilizionea huruma betri. Kosa lenyewe ni hilo tu, dakika nne za kusikiliza.

Walijifunza wiki tano, baada ya kazi za shamba la kijiji. Yustina hakujua noti hata moja ya kuandikwa. Alikuwa na masikio, na Kilatini cha misa alichokizoea tangu utotoni. Alisikiliza mstari, anazima, anauweka kichwani, anawafundisha. Alfonsi mhunzi, aliyekuwa besi, alimwuliza, "Mbona wimbo huu unazama? Nikifika mwisho mkanda wa suruali unalegea." Yustina akamjibu, "Ndivyo wanavyoimba kwao. Wewe zama." Hawakuwa na kinanda, basi besi wakavuma sauti ya kinanda kwa midomo iliyofungwa, nayo ikawa inazama pamoja na waimbaji.

Siku ya kumuaga Padri nilikuja na baiskeli, nimevaa shati jeupe. Nilijisikia, siwafichi. Kila mtu ananipa mkono, "Fundi, asante kwa wimbo." Baada ya baraka ya mwisho kwaya ikasimama. Padri alikuwa amekaa kwenye kiti kwa sababu ya maradhi. Yustina akaanzisha.

Mstari wa kwanza, Padri akainua kichwa. Wa pili, akafumba macho. Nikasema moyoni, Kosmasi, umefanya jambo. Halafu wakaanza kushuka. Kwanza nilidhani wamechoka, njaa ya kufunga kabla ya Komunyo. Wakashuka tena, wote pamoja, bila mmoja kuyumba, mwendo ukipungua kidogokidogo, wanaume wakivuma chini kabisa. Hapo nikaelewa. Niliijua sauti ile. Niliisikia kila wiki mezani kwangu. Ilikuwa sauti ya betri za kuanika zinazokufa, santuri ikizunguka polepole zaidi na zaidi, na watu ishirini na sita walikuwa wameikariri kwa heshima kama sala.

Nikamtazama Padri. Mkono wake wa kulia ulikuwa kando ya kiti, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama mtu anayesukuma kitu. Machozi yanaingia kwenye ndevu. Watu walipoyaona wakaanza kulia nao, na Yustina alimaliza "Amina" ile ya chini huku uso wake umelowa.

Baadaye Padri akaniita nyuma ya ukuta wa nyasi, tulipokuwa tukitunzia vyombo vya misa. Tulikuwa wawili tu.

"Fundi," akasema, "zilikuwa za kuanika?"

"Ndiyo, Padri. Nisamehe. Nimekuharibia."

Akacheka mpaka akakohoa. Aliponyamaza akaniambia jambo. Anayepiga kinanda kwenye ile santuri alikuwa baba yake mzazi, kanisani kwao. Na zamani, kabla ya umeme, kinanda kile kilipata pumzi kwa mvukuto. "Kama ule wa Alfonsi," akasema, "ila mkubwa." Aliyesukuma mvukuto alikuwa yeye, akiwa mtoto, nyuma ya kinanda ambako hakuna anayemwona. Akichoka pumzi inapungua, kinanda kinazama, na kwaya inazama nacho, na baba yake anapiga ubao kwa kisigino: sukuma!

"Walipotengeneza santuri mimi nilikuwa huku Ufipa," akasema. "Wameweka mota. Santuri haina kosa hata moja, Kosmasi, na mimi simo. Leo nimemsikia baba, na mimi nimo."

Akanishika bega. "Usiwaambie. Niache niondoke nao hivi."

Siku tatu baadaye akaondoka. Barua ya kwamba amefariki ilifika msimu wa mvua.

Nikarudi kwa Mzee Nasoro nikiwa mwepesi, nikamsimulia yote. Alikuwa anachomelea waya, hakuinua macho.

"Padri amesamehe lililo lake," akasema. "Wale waliosimama wakaimba, umewaomba radhi?"

"Mzee, Padri kasema nisiseme. Na wao wana furaha!"

"Padri amekwenda. Na furaha yao ni ya leo. Siku akija mtu na ule wimbo mzima, watamcheka nani? Wewe, au yule binti?"

Nilinuna. Nikajiambia mzee huyu hajui mambo ya kanisa. Na ukweli ni kwamba jina langu lilikuwa limeshatoka. Niliitwa fundi wa kwaya, parokia tatu ziliniletea redio zao kwa sababu ya wimbo ule. Mwaka ukapita, ikawa miaka. Nikawaona wanauimba Noeli, wanauimba kwenye mazishi, Yustina anawafundisha wengine, nao wanawafundisha wengine. Nikaona nikisema sasa nitaonekana kichekesho. Nikalala juu ya neno la marehemu Padri kama juu ya godoro. Mzee Nasoro naye alishakufa, Mungu amrehemu, hakuwahi kuona simu ya mfukoni. Lakini aliijua inakuja.

Jumatatu, Fausta aliponisimulia huku akicheka, niliiweka chai chini. Nikaenda kwa Bibi Yustina. Nilimkuta uani anapepeta ulezi. Nikasema yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Ungo wake haukusimama.

Mwisho akauliza, "Kwa hiyo sikukosea kusikia?"

"Hukukosea hata chembe. Uliisikia betri inakufa, ukaifuata mpaka kaburini."

"Tangu Jumamosi najiambia masikio yangu yalikuwa mabovu tangu ujana, na watu walikuwa wananihurumia." Kisha akanigeukia, na akasema kwa Kifipa, lugha anayoishika akikasirika, maneno ambayo sitayarudia kanisani. Kwa Kiswahili aliongeza, "Jumapili zote hizo, Kosmasi, ulikuwa unanipa mkono!"

Naomba msiwe na siku kama hiyo.

Baadaye akauliza Padri alisema nini. Nikamweleza habari ya baba yake na mvukuto. Akaweka ungo chini. "Mkono aliufanyaje? Mimi nilikuwa nawatazama waimbaji, sikuuona." Nikamwonyesha. Akaniambia nirudie. Nikarudia, mzee mzima nimesimama uani nasukuma hewa, na kuku wananishangaa. Alitazama mpaka alipotosheka.

"Nenda kawaambie," akasema. "Kwa mdomo wako, siyo kwa karatasi."

Ndiyo nimekuja.

Sasa, Fausta. Wimbo wa kwenye simu ujifunzeni. Ndio sahihi, na fundi anayeona kosa akaliacha si fundi. Kinanda chako kitauweza. Lakini kabla hamjaucheka tena huu wetu, jaribuni kuuimba bila kinanda, watu ishirini, mshuke pamoja kwa hatua ndogo vile bila mmoja kuanguka. Nimewasikia mkijaribu nilipokuwa naingia. Mnaanguka kama magunia. Wakulima waliotoka shambani na njaa waliuweza kwa wiki tano, kwa sababu ya msichana mmoja aliyesikia sawasawa kitu kilichorekodiwa vibaya. Hapo ndipo nilipowagombeza, nimemaliza.

Jumamosi saa tisa Bibi Yustina atakuja. Amekubali kwa sharti moja, kwamba na mimi nikae kwenye besi na nizame mpaka mwisho. Msimpe hotuba za samahani, hazipendi. Mwachieni kiti cha mbele. Fausta, funga kinanda. Mpe sauti ya kuanzia kwa mdomo, na atakapoanza kushuka, shukeni naye.